Pikapu V8 iliyoanza kumisi baada ya kufungwa plagi mpya na waya mpya

Hiki kisa nimekaa nacho muda nikisema ntakiandika ntakiandika, maana haipiti wiki mtu hajaniuliza fundi plagi gani nzuri, nami nikiuliza ni ya injini gani ananijibu we nitajie tu ile nzuri. Haya, hii ni pikapu ya Chevrolet ya 1998, V8 ya lita 5.7, petroli, ile yenye distribyuta (kifaa cha kugawa umeme kwa zamu kwenye plagi) kule nyuma ya injini na koili moja ya kukuza umeme, halafu waya nane zinatoka kwenye kava ya distribyuta kwenda kwenye plagi nane. Siyo zile za baadaye ambazo kila silinda ina koili yake. Mwenyewe anabebea mbao, kwahiyo gari mara nyingi liko na mzigo, na hilo la mzigo mlikumbuke maana ndo lilitoboa siri yote.

Jamaa alinipigia akasema, "Fundi, nimefunga kila kitu kipya kwa mkono wangu na gari limekuwa baya kuliko mwanzo." Likiwa limesimama limewashwa linatulia vizuri tu. Likitembea tupu halina neno. Ukilipakia mbao ukakutana na mlima ukakanyaga mafuta, linaanza kuchechemea, linagonga kidogo, nguvu zinakata, na taa ya injini inawaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Nikamwambia hapohapo usiendelee kulipandisha mlima hivo, maana ile taa ikiwa inapepesa ina maana petroli isiyoungua inateremka kwenye ekzosi na inaenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kichujio cha moshi, utakuja kununua kitu kikubwa kuliko plagi.

Kabla sijagusa chochote niliomba anionyeshe vilivyotoka. Bahati nzuri hakuvitupa, alikuwa navyo kwenye kopo la rangi. Na hapa nimsifu, uamuzi wa kubadilisha ulikuwa sahihi kabisa. Karatasi iliyobandikwa chini ya boneti ya gari hilo inasema gepu, yaani nafasi ambayo cheche inairuka kwenye plagi, ni 0.060 ya inchi, yaani milimita 1.52, nami nikipitisha fila gage, kipimo cha nafasi ndogo, kwenye zile plagi za zamani napata 1.9, 2.0, moja ikaenda mpaka 2.1. Gepu likishaliwa hivo umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka, koili inajikamua, na waya dhaifu ndo inakuwa njia rahisi ya umeme kutorokea. Waya zenyewe nikapima na multimita moja moja, saba zilisoma kati ya kiloohmu 4 na 9 kulingana na urefu wake, ya silinda ya 3 haikusoma kitu, imekatika ndani huku nje inang'aa kama mpya. Kwahiyo mwanzo gari lilikuwa linamisi, yaani linakosa kuwaka, silinda ya 3, kesi rahisi, unabadilisha waya na plagi unaenda zako.

Tatizo ni alivyochagua.

Alinunua plagi za ncha nne, zile zenye mikono minne imezunguka katikati, na waya nyekundu nene za milimita 10 zilizoandikwa maneno makubwa kwenye boksi. Alivyonieleza ni kwamba ncha nne ni cheche nne, na waya nene hupitisha umeme mwingi. Ukisikiliza haraka unaona ana hoja. Lakini cheche hairuki mara nne, inaruka sehemu moja tu, pale ambapo njia ni rahisi kwa wakati ule, ikirudi tena inaweza kuchagua mkono mwingine. Faida ya ncha nyingi ni kwamba kulika kunagawanyika zikadumu, na kuna injini zimetoka kiwandani nazo na zinataka hizohizo, sizisemi vibaya. Ila huwezi kuzirekebisha gepu kwa urahisi, zinakuja zilivyokuja, na hizi zilikuja na milimita 1.0 kwenye injini inayoomba 1.52.

Na unene wa waya, jamani, unene wa waya ya plagi karibu wote ni mpira. Ile milimita 7, 8, 8.5, 10 unayoisoma kwenye boksi ni kipimo cha nje. Mpira mnene unasaidia kuzuia umeme usivuje na unavumilia joto kama ni silikoni nzuri, lakini haukuambii kabisa kilichopo katikati ni nini, na kilichopo katikati ndo waya yenyewe. Kuna zenye uzi wa kaboni, ndo nyingi za kiwandani, zina ukinzani mkubwa. Kuna zenye waya mwembamba sana uliozungushwa kama springi juu ya uzi, ukinzani wake mdogo lakini ule mzunguko unazuia makelele ya redio. Halafu kuna zenye shaba tupu, ukinzani karibu sifuri, hizo zina mahali pake kwenye injini za zamani zisizo na kompyuta na kwenye mashindano. Nikachomoa moja ya zile nyekundu nikapima: karibu sifuri. Nyingine: karibu sifuri. Nikamuuliza redio yako ikoje siku hizi, akacheka, akasema tangu nifunge inalia mbuu mbuu kadiri ninavyokanyaga, nikadhani antena.

Sasa nikachomeka skana, kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za makosa kwenye kompyuta ya gari. P0300, hiyo ni kumisi kwa jumla, haisemi silinda gani, na P0307, silinda ya 7. Kumbuka kompyuta haioni cheche, inachoangalia ni mwendo wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kupitia sensa, silinda ikikosa kusukuma zamu yake krenki inapungua kasi kidogo sana na kompyuta inahesabu. Kwahiyo P0307 haina maana plagi ya 7 mbovu, ina maana zamu ya 7 haikusukuma inavyotakiwa. Watu wengi wanaishia hapo, wananunua plagi nyingine moja.

Nikahamisha plagi ya 7 nikaipeleka 1, ya 1 nikaileta 7. Tukapakia mbao, tukapanda, kodi ikabaki 7. Basi siyo plagi. Nikapima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ya 5 na ya 7, ziko sawa. Usiku nikafungua boneti injini ikiwa inanguruma, nikapuliza maji ya ukungu kwenye waya zote na kava, maana waya inayovuja gizani utaiona inatoa vicheche vya bluu kama vya kiberiti cha gesi kilichoisha. Hamna. Giza totoro. Waya mpya hazivuji hata chembe, ile sifa ya mpira mnene ilikuwa kweli.

Nilikaa pale kwenye bampa nikiangalia tu, tochi mkononi, na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiangalia mchana kutwa bila kukiona. Jamaa ni mtu nadhifu sana. Zile waya mbili za nyuma upande wa kushoto, ya 5 na ya 7, alikuwa amezilaza sambamba, zimeshikana kabisa, na amezifunga pamoja kwa vile vifungo vya plastiki, vinne, kimoja kila baada ya vidole vinne, kuanzia kwenye kava mpaka karibu na manifodi, bomba la moto la kutolea moshi kwenye injini. Inapendeza kama mkeka.

Mpangilio wa kuwaka wa injini hiyo ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Angalia mwisho hapo: 5, halafu 7. Zinafuatana kwa zamu, na kwenye injini ziko jirani, upande mmoja. Waya ya 5 ikipitisha umeme wa maelfu ya volti kwa kishindo, waya iliyolala pembeni yake inapata umeme wa kuambukizwa bila kuguswa, kama vile koili inavyofanya kazi, tena kama ni shaba tupu isiyo na ukinzani wa kupunguza makali ndo inakuwa mbaya zaidi. Sasa wakati 5 inawaka, silinda ya 7 iko nyuzi 90 kabla ya pistoni kufika juu, valvu zimeshafunga au ndo zinafunga, mchanganyiko wa petroli na hewa upo ndani, na presha bado ni ndogo. Presha ikiwa ndogo cheche hairukii kwa shida, umeme kidogo tu unatosha. Kwahiyo 7 inawashwa kabla ya zamu yake, moto unasukuma pistoni inayopanda. Huko ndo kugonga kulikokuwa kunasikika. Injini ina sensa ya kusikiliza kugonga, kompyuta ikisikia inarudisha taimingi, yaani muda wa kupiga cheche, nyuma, nguvu zinapungua, dereva anakanyaga zaidi, na tunaendelea kuzunguka hapohapo.

Kwanini tupu linatembea vizuri? Kwa sababu ukikanyaga kidogo presha ndani ya silinda ni ndogo, volti inayohitajika kuruka gepu ni ndogo, na cha kuambukiza ni kidogo. Ukiwa na mzigo mlimani ndo volti inapanda.

Nikachukua koleo nikakata vifungo vyote vinne, nikaachanisha zile waya mbili kwa mkono, moja nikaipitisha juu kwa muda nikaishikilia na kipande cha mpira. Asubuhi tukapakia mbao zilezile tukapanda mlima uleule. P0307 haikurudi. Jamaa akataka tuishie hapo, akasema basi fundi ndo hivo, tumepona kwa koleo. Nikamwambia bado, maana plagi nilizochomoa jana sikuzipenda.

Zilikuwa nyeusi. Siyo nyeusi ya oili, ile inayong'aa na kuteleza, ni masizi makavu, unapangusa na kidole yanatoka kama ya sufuria. Na zote nane, siyo moja. Wiki mbili tu. Zote nane zikiwa hivo unauliza vitu viwili, ama injini inapewa petroli nyingi ama plagi ni baridi mno. Namba za petroli kwenye skana zilikuwa kawaida. Nikageuza plagi nikasoma herufi, na nikamuuliza hii namba uliichagua vipi? Akasema, "Niliona kuna plagi za namba 5 na za namba 7, nikachukua 7 maana gari langu linabeba mzigo, nikajua 7 ni kali zaidi."

Aisee, kosa hili nimelikuta mara nyingi sana na simlaumu, maana namba zenyewe zimewekwa kumchanganya mtu. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Champion, Autolite na Bosch ni kinyume, namba ikipanda inakuwa ya moto zaidi. Kwahiyo mtu akihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine akabeba namba kichwani, kaenda upande usio wake. Na ubaridi au umoto wa plagi hauhusiani na ukali wa cheche, ni habari ya kasi ambayo ile kauri nyeupe inapeleka joto kwenye hedi, kile kichwa cha injini plagi inapofungwa. Kauri ndefu ndani, joto linakaa, hiyo ni ya moto. Kauri fupi, joto linakimbia, ya baridi. Ncha ya plagi inatakiwa ifike kama nyuzi 450 au 500 za sentigredi ili ichome masizi yake yenyewe, na isipite mia nane na kitu, maana ikipita hapo inaanza kuwasha petroli yenyewe bila kungoja cheche. Huyu, kwa namba za mtindo wa NGK na Denso, alishuka hatua mbili kwenye ubaridi kwenye injini ambayo haina tabo ya kusukumia hewa, haijachongwa, haijafanyiwa lolote. Haziwezi kujisafisha hata siku moja. Leo zingeendelea kukohoa kohoa asubuhi, mwezi ujao masizi yangekuwa njia ya umeme kutoroka, na angesema plagi za nje ya kiwanda zote ni takataka.

Kwahiyo tukaanza upya kuchagua, na mimi huwa naanza na vitu ambavyo havina ubishi. Uzi wa kuskrubu plagi wa milimita 14, urefu wa uzi ulingane, kwa sababu ukizidi ncha inaingia ndani ya chumba na inaweza kukutana na pistoni, ukipungua moto unajificha kwenye shimo na kaboni inajaza nyuzi za hedi. Kitako: hii injini inataka kitako cha koni, kisicho na washa. Kuna plagi yenye washa inaingia kwenye uzi uleule kabisa na inakaa kama imefika lakini haizibi. Halafu joto, sawa na ya kiwandani, nukta. Halafu rizista, yaani ukinzani wa kuzuia makelele ya umeme, ndani, kwa NGK ni ile herufi R kwenye jina, na gari lenye kompyuta lazima uwe nayo. Ukishamaliza hayo ndo unaweza kubishana shaba au platina au iridiamu.

Na hiyo "shaba" nayo ina hadithi, maana ncha yenyewe ni nikeli, shaba iko ndani kwenye moyo inapitisha joto. Ni plagi nzuri tu, cheche yake haina kasoro, inalika mapema basi, kilomita elfu thelathini hivi au hamsini unazitoa. Kwenye V8 hii zile za nyuma zimejificha, ya 7 na ya 8 unazifikia kwa kupindisha mkono kama unatafuta kitu chini ya kabati, sasa nani anataka kurudi huko kila baada ya elfu thelathini. Iridiamu inayeyukia nyuzi 2446, nikeli ni 1455, ndo maana iridiamu wanaweza kuichonga ncha nyembamba, Denso wana za milimita 0.4, na ncha nyembamba inahitaji volti ndogo kuruka. Tukachukua iridiamu ya mkono mmoja, daraja la joto la kiwandani. Platina ingefaa pia, kiwandani gari lilikuja na platina, tofauti hapo ni ndogo sikatai.

Waya tukachukua za milimita 8, zile za springi, zilizokatwa kwa ajili ya injini hiyohiyo. Hili la kukatwa mi naliweka juu ya unene. Zile nyekundu zilikuwa za kila gari, urefu unaofanana, kofia za mpira zilizonyooka, ndo maana zikabaki ndefu na jamaa akalazimika kuzikunja na kuzifunga zikae. Ya 7 kofia yake ilikuwa inalalia manifodi, imeanza kuwa ngumu na kung'aa upande mmoja. Hizi mpya kila moja ina urefu wake na pembe yake ya kofia, na tukavisha soksi za kuzuia joto kwenye zile zinazopita karibu na manifodi. Kava na rota, kile kinachozunguka ndani yake, tukabadilisha pia, kava ya zamani ndani miguu yake ilikuwa na unga mweupe wa kutu, na hapo usifunge skrubu kwa hasira maana ni plastiki.

Kufunga kwenyewe. Injini ipoe. Upepo kuzunguka plagi kabla ya kutoa, mchanga usidondoke ndani. Gepu nilipima kwa fila ya waya ya mviringo bila kugusa ncha ya katikati, iridiamu ni ngumu lakini inavunjika kama chaki, ukihitaji kusogeza unasogeza mkono wa nje tu. Sita zilikuwa sawa, mbili nikazifungua kidogo. Za nyuma nikachomeka plagi kwenye kipande cha hosi ya petroli nikazungushia uzi kwa vidole, hosi inateleza yenyewe kama umeanza vibaya, spana haitelezi, itaua uzi wa hedi. Halafu toki renchi, spana ya kupima nguvu ya kukaza, Nm 20. Kama huna, kitako cha koni ukishafika kwa mkono unaongeza kama moja ya kumi na sita ya mzunguko, ni kidogo sana, wengi wanazungusha nusu kama yenye washa. Grisi ya kuzuia kushika sikupaka, NGK wenyewe wanasema uzi wao umeshapakwa madini na ukiongeza grisi toki renchi inakudanganya unakaza kupita kiasi. Grisi ya silikoni ndani ya kofia za waya ndiyo, kidogo. Moja baada ya nyingine, unatoa ya zamani unarudisha mpya palepale, na unasukuma mpaka usikie inabana tiki.

Na 5 na 7? Waya ya 3 nikaipitisha katikati yao, kwa sababu 3 haifuatani na yeyote kati ya hao wawili, na kila moja nikaikalisha kwenye kishikio chake cha plastiki chenye nafasi. Pale ambapo hazina budi kukutana zinakatiza kama msalaba, hazilali pamoja. Haipendezi kama mkeka. Jamaa aliangalia akataka kuinyoosha, nikamshika mkono.

Tukapakia, tukapanda mlima, hamna kugonga, skana kimya, redio kimya. Baada ya kama kilomita elfu nane akarudi tuangalie, nikatoa ya 7, ya 2 na ya 8: kauri rangi ya chai ya maziwa, kavu. Ya 8 ilimtisha kidogo kwa sababu nje, pale kauri inapoingia kwenye chuma, kulikuwa na pete ya kahawia, akasema fundi hii inavuja. Nikampa kitambaa akasugua, haitoki. Ile siyo moshi wa kuvuja, ni vumbi na oili ya hewani vinavyovutwa na umeme mkubwa vikashikana pale. Uvujaji wa kweli ni mstari mweusi unaoshuka na kauri kwa urefu, kama mchoro wa penseli, na wake haukuwepo. Tukairudisha hiyohiyo, Nm 20, akaondoka na mbao zake.